Kosa Dogo la Nani?

Wiki hii twapenda kufikiri pamoja na wasomaji wetu juu ya jambo ambalo wengi wataliona dogo mno, na huo udogo wake ndio uliotufanya tuliandike. Mtu amekosea katika maandishi ya usalama yaliyowekwa juu ya gari. Asema kosa lake halimdhuru mtu yeyote, na ya kuwa kulisahihisha kutamgharimu fedha nyingi. Je, yapasa asamehewe? Na ikiwa yapasa, ni nani mwenye haki ya kumsamehe?

Kwa mtu wa Tunduma hili si swali la vitabuni. Malori yaendayo Zambia na Kongo, na yale yanayorudi kutoka huko, hupita milangoni mwetu usiku na mchana, na mengi yamejaa maandishi kama ukurasa wa gazeti. Mlangoni pameandikwa jina la mwenye gari na uzito wake likiwa tupu. Ubavuni na nyuma yamebandikwa mapande yanayong'aa yapigwapo na taa. Kwenye tangi kuna kibao chenye namba ya kitu kilichomo. Hata tairi limechorwa ubavuni uzito linaoweza kuuchukua. Maandishi hayo hayaliendeshi gari, wala hayalisimamishi. Lori lisilo na neno hata moja laweza kufika Lubumbashi salama salimini. Ndiyo sababu ni rahisi kuyadharau, na ndiyo sababu dereva aliyezuiliwa kwa ajili ya kibandiko kilichopauka huona kwamba ameonewa.

Katika nchi ya Marekani jambo hili limewekewa utaratibu. Huko sheria ya usalama wa magari ilitungwa mwaka 1966, na kiwanda kikitambua ya kwamba magari au matairi yake yametoka bila kutimiza kanuni, hakina budi kuwaarifu wenye mali na kulirekebisha kosa bila malipo. Lakini tangu mwaka 1974 sheria hiyo imeacha mlango mdogo. Kiwanda chaweza kuomba kisamehewe kazi ya kuarifu na kurekebisha, mradi kionyeshe kwamba kosa lenyewe halina athari kwa usalama. Maombi mengi ya namna hii yahusu maandishi tu: tairi limepigwa chapa ya idadi ya tabaka za nyuzi isiyo sahihi, au kibandiko cha mlangoni kimekosa neno moja. Ombi hutangazwa katika gazeti la serikali, watu wote hupewa nafasi ya kutoa maoni, kisha mamlaka huamua na kutaja sababu zake hadharani.

Liko jambo moja katika desturi hiyo ambalo twaona linastahili kutafakariwa hata na watu wasiomiliki baiskeli. Mara nyingi kiwanda hujitetea kwa kusema: magari yenye kosa ni machache, tena hakuna mtu hata mmoja aliyelalamika wala aliyeumia. Mamlaka imekwisha kujibu mara nyingi kwamba hoja hizo hazitoshi. Haiulizi kosa limewafikia wangapi. Yauliza hivi: yule mmoja atakayepatwa na tukio ambalo maandishi yale yaliwekwa kwa ajili yake, je, atakuwa katika hatari kubwa kuliko mwenzake mwenye gari lililoandikwa sawasawa? Ikiwa jibu ni ndiyo, basi kosa si dogo, hata kama mtu huyo ni mmoja katika nchi nzima. Twaona kipimo hicho ni cha haki kuliko vingi tunavyovitumia katika mambo makubwa zaidi. Maana sisi tumezoea kupima kosa kwa gharama ya kulisahihisha, au kwa kelele za waliodhurika. Na mtu mmoja aliyeumia porini hana kelele.

Tena msamaha huo ukitolewa hauligeuzi kosa kuwa si kosa. Wayahusu magari yale yaliyokwisha kutengenezwa tu, wala haukipi kiwanda ruhusa ya kuendelea kuandika uongo mwaka ujao. Na gari ambalo bado limo mikononi mwa muuzaji, naye amekwisha kuarifiwa, haliruhusiwi kuuzwa likiwa na kosa lake.

Wapo watakaotuambia kwamba sheria ni sheria, na ya kuwa anayefungua mlango mdogo leo atakuta ukuta umeanguka kesho. Hatukubaliani nao. Aristotle, zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliona kwamba mtunga sheria husema kwa ujumla, hali mambo ya wanadamu hutokea moja moja. Kwa hiyo mwadilifu huirekebisha sheria pale ilipopungua, kwa kuamua kama mtunga sheria mwenyewe angalivyoamua kama angalikuwapo. Mtakatifu Thoma wa Akwino alilifuata wazo hilo, akaihesabu tabia hiyo kuwa fadhila, tena sehemu ya haki yenyewe. Wala hatuna haja ya kwenda mbali hivyo kutafuta ushahidi. Mahali popote duniani ambapo sheria haitambui kosa dogo, udogo wake hupimwa kando ya barabara, gizani, baina ya watu wawili, nacho kipimo ni noti iliyokunjwa. Dereva mwenye kibandiko kilichochanika huadhibiwa sawa na mwenye breki mbovu, na kwa kuwa wote wawili wameadhibiwa sawa, wote wawili huona afadhali walipe kidogo wapite. Hapo mwenye breki mbovu ndiye aliyefaidika. Mlango ulio wazi, wenye mlinzi na daftari, ni bora kuliko tundu la ukutani.

Lakini mlango nao una majaribu yake, na nchi yetu imeyaona. Si katika vibandiko, ila katika uzito, jambo ambalo kila mtu aliyewahi kusubiri kwenye mizani ya Mpemba alijua vizuri. Kulikuwa na nafuu ya asilimia 5: gari likizidi kwa kiasi hicho halikutozwa. Oktoba 2013 John Magufuli, aliyekuwa Waziri wa Ujenzi wakati huo, aliifuta nafuu hiyo. Wenye malori wakagoma, misururu ikasimama kwenye mizani, na Waziri Mkuu, Mizengo Pinda, akaamuru irudishwe. Hatutaki kuufufua ugomvi huo. Tunachotaka kukumbusha ni asili ya nafuu za namna hiyo. Huwekwa kwa sababu yenye akili: mizani mbili hazisemi sawa daima, mzigo huhama njiani, mvua huloanisha magunia. Ni nafasi ya kosa lisilokusudiwa. Walakini, mtu akisha kujua ya kwamba asilimia 5 husamehewa, atazipakia hizo asilimia 5 tangu Dar es Salaam, akilala usingizi mwema. Kwa gari la tani 56 hizo ni karibu tani 3, mzigo wa lori dogo zima. Wahandisi nao, tangu majaribio makubwa yaliyofanyika Ottawa, katika jimbo la Illinois, kati ya mwaka 1958 na 1960, hukadiria kwamba madhara ya ekseli juu ya barabara hukua kwa kipeo cha nne cha uzito wake. Hivyo ekseli iliyozidi kwa asilimia 5 huiumiza lami kwa zaidi ya asilimia 20. Mwenye lori aona 5, barabara yaona 20, na mtu wa Mbozi anayetaka kufikisha kahawa yake sokoni ndiye anayelipa tofauti kwa mashimo.

Basi kosa lililohesabiwa mapema haliwezi kuitwa kosa. Na huu ndio mpaka ambao msamaha haupaswi kuuvuka: kumsamehe mtu kwa alilolitenda bila kujua ni tofauti kabisa na kumwahidi kwamba atasamehewa.

Turudi kwenye maandishi. Katika orodha ya Umoja wa Mataifa ya vitu vya hatari, dizeli ina namba 1202 na petroli 1203. Mpaka rangi aliyekosea hapo amekosea kwa tarakimu moja, tena kwa kiasi cha moja tu. Katika daftari la shule angepata alama karibu zote. Sasa tuweke tangi hilo limepinduka katika mteremko wa Senjele, na wazima moto wamesoma kibao kwa mbali. Dizeli haitoi mvuke wa kuwaka mpaka ipate joto la zaidi ya nyuzi 50; petroli hutoa mvuke huo hata katika baridi kali kuliko ya usiku wowote wa Mbozi. Yule aliyesoma 1202 atasogea mahali ambapo aliyesoma 1203 asingesogea. Na namba 1830 ni asidi ya salfa, ambayo ukiimwagia maji ovyo huchemka na kuruka. Tofauti ya wino ni ndogo, ya damu ni kubwa. Kwa upande mwingine, kibao ambacho rangi yake ya chungwa imefifia kidogo, ila namba yasomeka kwa umbali uleule, chaweza kusamehewa mara moja na bila hotuba.

Wapo watakaotukumbusha Msamvu, pale Morogoro, tarehe 10 Agosti 2019, ambapo watu zaidi ya 100 walikufa kwa moto baada ya lori la mafuta kupinduka. Watauliza: hao walikosa kibao? La, hawakukosa. Walijua ni petroli, wengi wao waliifuata kwa kuwa ni petroli. Twakubali kwamba neno lililoandikwa halimwokoi mtu ambaye umaskini au tamaa imekwisha kumfunga macho. Lakini hiyo si sababu ya kumdanganya mtu aliye na macho wazi. Yule mzima moto, yule utingo wa lori la nyuma, yule mama auzaye vitumbua hatua 20 kutoka barabarani, hawakumchagua dereva wala hawakuuona mzigo ukipakiwa. Kibao ndicho kitu pekee ambacho mwenye mali amewaambia.

Kwa sababu hiyo twadhani msemo huu wa "kosa dogo la maandishi" huficha swali lenyewe. Maandishi ni maneno, na neno lina msemaji na msikilizaji. Msemaji akikosea, huliona kosa kwa ukubwa wa herufi. Msikilizaji huliona kwa ukubwa wa jambo atakalolitenda kwa kuliamini.

Kuna mfano ambao kila fundi wa Tunduma anao uani kwake. Fungua mlango wa dereva wa gari dogo lolote lililotoka Japani likiwa limetumika, utaona kibandiko kidogo kionyeshacho upepo wa matairi. Hakina kosa hata la nukta. Kimeandikwa kwa Kijapani, kwa kipimo cha kilopaskali, na kwa mtu wa Nagoya kinasema kila kitu. Kwetu ni bubu, kwa maana mashine zetu za upepo nyingi husoma kwa pauni, na wanaokijua Kijapani katika mji huu hatudhani wanajaza viganja viwili. Sheria ya kule imetimizwa kikamilifu, na mwenye gari hapa hakuambiwa neno. Sasa tuseme fundi mmoja mwenye huruma aipige hesabu ile 230 ya kibandikoni, aandike kwa kalamu nzito pembeni yake: "upepo 33". Amekosea. Hesabu kamili ni 33 na sehemu kama nne za kumi, tena hana mamlaka ya kuandika juu ya kibandiko cha kiwanda. Mkaguzi mkali aweza kumpata na hatia mbili kwa mstari mmoja. Lakini gari lile litashuka Senjele na matairi yaliyojazwa inavyopasa, na lile lenye kibandiko safi litashuka kwa kubahatisha.

Hatusemi kila fundi aachiwe kalamu. Wapo watakaoandika 33 palipotakiwa 43, na hapo wema wa moyo hautalizuia tairi kupasuka. Twasema tu kwamba kanuni inayouliza "je, imeandikwa kama ilivyoamriwa?" imeuliza nusu, na nusu iliyobaki ni hii: "je, aliyekusudiwa ameelewa, na akielewa hivyo atapona?" Nusu ya kwanza yaweza kujibiwa na karani mezani. Nusu ya pili haijibiki bila kumwita msomaji mwenyewe wa maandishi.

Ndipo tunapouonea wivu ule utaratibu wa Marekani wa kulitangaza ombi na kungoja maoni kabla ya kuamua, ingawa tunajua ya kuwa wanaoandika maoni hayo huko mara nyingi ni wachache. Tangu mwezi Oktoba 2019 tunacho kituo cha pamoja cha mpakani baina ya Tunduma na Nakonde, ambako magari ya nchi mbili hukaguliwa mahali pamoja. Pale pana kuta za kutosha. Mwenye malori anayetaka asamehewe mapande yake yasiyong'aa tena, na alibandike ombi lake hapo kwa Kiswahili, likae siku 30, lisomwe na madereva na utingo. Lisomwe hasa na vijana wa bodaboda, ambao usiku hupita barabara ile kwa taa moja, nyuma ya tela lililoegeshwa bila taa, na ambao mpaka leo hawajaulizwa na mtu kama kosa lile kwao ni dogo.