Nafasi ya Kwizera

Kijana wa timu ya chuo, unayepanda mteremko wa Mutanga kwa mbio ukijiandaa na msimu mpya, huenda orodha ya timu ikatoka bila jina lako. Inauma, nakubali. Lakini kumbuka kisa hiki.

Mwaka 1996 Burundi ilishiriki Olimpiki kwa mara ya kwanza, kule Atlanta. Vénuste Niyongabo, hodari wa mita 1,500, alimwachia nafasi yake katika mbio hizo Dieudonné Kwizera, mkongwe aliyezikosa Olimpiki za 1988 na 1992 kwa sababu nchi haikuwa na kamati ya Olimpiki. Niyongabo akahamia mita 5,000, mbio asizozizoea, akampita Mkenya Paul Bitok na kutwaa dhahabu. Hadi leo sisi Warundi hatuna nyingine. Kwizera hakufika fainali, ila alikimbia.