Ridhaa ya Binti: Ndoa Katika Mwambao wa Ziwa Viktoria

Lugha yetu husema kwamba mwanamume huoa na mwanamke huolewa. Mwalimu wa sarufi atatueleza kuwa hiyo ni kauli ya kutendwa, na hapo somo lake litaishia. Lakini sisi tunaotaka kujua watu wa mwambao wa Ziwa Viktoria wamefikiri nini juu ya ndoa hatuna budi kuuliza zaidi: je, huyo anayeolewa huulizwa?

Katika Usukuma wa wazee, ndoa kamili ilikuwa ndoa ya ng'ombe. Ukoo wa kijana ulikusanya mifugo, washenga wakaenda na kurudi, na siku ng'ombe walipopokewa zizini kwa baba wa binti, watoto walikuwa wamekwisha kupata ukoo kabla hawajazaliwa. Mume na mke walioishi pamoja pasipo ng'ombe hawakufukuzwa. Ila watoto wao walihesabiwa upande wa mama mpaka baba awakomboe kwa mifugo. Yafaa tulitazame jambo hili kwa makini, maana wageni wengi walidhani kwamba Mwafrika alinunua mke. Hakununua mtu. Alichokipata kwa ng'ombe wake ni haki juu ya uzao na udugu na ukoo mwingine. Walakini ng'ombe hao waliweza kudaiwa ndoa ilipovunjika, na aghalabu ndio waliotumika kumwoza kaka wa binti. Hapo ndipo penye uzito. Dada aliyetaka kumwacha mume mkali alijua kwamba kuondoka kwake kungeitikisa nyumba ya kaka yake, na jamaa zake mwenyewe ndio waliokuwa wa kwanza kumsihi avumilie.

Wapo watakaotujibu kwamba Wasukuma waliwapa mabinti uhuru, nao watataja chagulaga. Vijana humfuata binti atokapo gulioni au ngomani, humzunguka, humtaka achague mmoja wao. Jina lenyewe ni agizo la kuchagua. Hatupendi kuidharau desturi iliyompa msichana nafasi ya kumtaja amtakaye, jambo ambalo baba zetu wengi mahali pengine hawakulikubali. Lakini binti huambiwa achague nani. Haambiwi kwamba anaweza kuwakataa wote. Akizungukwa njiani jioni na vijana kumi, huo ni uchaguzi gani?

Ng'ambo ya maji, kisiwani Ukerewe, Aniceti Kitereza alimaliza mwaka 1945 kuandika kwa Kikerewe habari za Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, na kitabu kikatoka kwa Kiswahili mwaka 1980. Wawili hao wamekosa mtoto. Ndugu wa mume wanamsimanga mke, wazazi wake wanamchukua, na mume anakwenda ukweni kumwomba, anatozwa faini ya pombe ya ndizi, anakubali. Anayedhani kwamba mapenzi ya mume na mke yaliletwa na shule za wamisheni na akisome kitabu hicho. Hata hivyo, tusifumbe macho: Bugonoka anampenda mumewe, lakini kuondoka kwake na kurudi kwake kunaamuliwa na wazee.

Juu ya wake wengi hatutasema mengi. Penye mashamba ya pamba mke wa pili alikuwa mikono miwili zaidi. Uislamu uliweka mpaka wa wanne, Kanisa likadai mmoja. Kila upande una hoja zake. Kule Mara, miongoni mwa Wakurya, mwanamke asiye na mtoto wa kiume huweza hata kutoa ng'ombe na kuoa binti amzalie nyumba yake. Swali letu linabaki lile lile kwa hao wote.

Taifa lilijaribu kulijibu kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Sheria hiyo ilitambua ndoa ya mke mmoja na ndoa ya wake wengi, ikataka zote ziwe za hiari, ikakataa kuibatilisha ndoa kwa sababu mahari haikutolewa. Mke naye akapewa njia ya kupinga ndoa nyingine ya mumewe ikiwa italeta dhiki nyumbani. Lakini sheria hiyo hiyo iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, hali mvulana alitakiwa afikishe 18, na ridhaa ya baba ikatosha kufungua mlango. Iliwapasa wananchi wangoje hadi mwaka 2016, Mahakama Kuu, katika shauri la Rebeca Gyumi, ilipotamka kuwa vifungu hivyo ni kinyume cha Katiba. Mahakama ya Rufani ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 2019.

Mahakama yaweza kuweka umri. Haiwezi kukaa barazani jioni ile wazee wanapomwita binti, ng'ombe wamekwisha kuhesabiwa, kaka yake amesimama mlangoni akisubiri, na mjomba anauliza kwa sauti ya upole kama amekubali. Binti hutazama chini asijibu, na washenga huinuka kwa furaha wakisema amekubali.