Jina na Ladha

Watu wa Arusha na wa miteremko ya Mlima Meru wanajua vinywaji vingi ambavyo ladha yake hutoka katika mizizi na magome. Waarusha, kama ndugu zao Wamaasai, huchemsha gome la mti waitao olkiloriti na kulitia katika supu ya nyama. Nayo pombe ya ndizi na ulezi iitwayo mbege, ambayo Wachaga wameivumisha kote, hupata uchungu wake katika gome la msesewa. Anywaye mbege katika nyumba tatu huonja ladha tatu. Hapa pazaliwa swali lisilowahusu wanywaji peke yao: je, vitu vyenye ladha mbalimbali vyaweza kuitwa kwa jina moja pasipo uongo?

Mwenye haraka atajibu kwamba mbege ya kweli ni moja, na nyingine zote zimeharibika. Lakini aulizwe: ya kweli ni ipi? Ndizi zikiiva sana, utamu huzidi. Kimea cha ulezi kikiwa kingi, pombe huwa nzito. Msesewa ukizidishwa, uchungu hukaa ulimini. Kila mpika pombe ana kipimo chake, wala hapana mizani ya kuwahukumu wote. Mnywaji naye hadanganyiki, maana amjua mpishi na aujua mkono wake. Kwake yeye jina la mbege haliahidi ladha moja. Laahidi ndizi, ulezi, gome, na siku za kungoja.

Huko Marekani swali hili lilipata sura nyingine. Wamarekani wana kinywaji wakiitacho bia ya mizizi, ingawa aghalabu hakina kileo. Katika miaka ya 1870 Charles Hires, mfamasia wa Philadelphia, alianza kukiuza, na ladha yake kuu ilikuwa ya mzizi wa mti wa sassafras. Mwaka 1960 serikali ya nchi hiyo ilikataza safrole, mafuta yaliyomo katika mzizi huo, yasitiwe katika vyakula, kwa kuwa majaribio yalionyesha kwamba yaliwadhuru panya maini. Tangu hapo watengenezaji hutafuta ladha hiyo kwa njia nyingine: huyu huzidisha vanila, yule urukususu, mwingine tangawizi au mdalasini. Mzizi wa asili uliondoka, jina likabaki.

Je, jina hilo ni uongo? Sivyo. Sheria ilitangazwa wazi, na kulinda afya ya mnywaji ni wajibu ulio juu ya kulinda ladha. Basi badiliko peke yake si kosa, wala wingi wa ladha si kosa. Kosa huanza pale mwenye kuuza ajuapo kwamba mnunuzi adhani anapata kitu fulani, naye akanyamaza ili apate faida.

Funzo hili lawahusu watu wa Meru kwa njia iliyo dhahiri. Gome likibanduliwa kuzunguka shina lote, mti hufa. Na miti ikiisha, muuzaji wa sokoni atashawishika kutia gome jingine lenye uchungu, na kuliita msesewa. Mnunuzi mgeni hamjui mpishi. Hana ila jina la kutegemea. Kwa sababu hiyo, kadiri muuzaji na mnywaji wanavyokuwa mbali, ndivyo jina linavyopasa kuwa na maneno mengi ya kulifafanua. Jirani aweza kupewa kata bila maelezo. Mgeni apaswa kuambiwa kilichomo ndani.

Asemaye, "Leo msesewa haukupatikana, nimetia kitu kingine," atauza pungufu siku hiyo. Lakini kesho, akisema msesewa umo, ataaminiwa.