Hewa Ina Mlango Wake

Mwanangu, nimekusikia. Filta ya tangi lako la samaki inakoroma, bomba la kurudishia maji linatema viputo usiku kucha, na wewe umeifungua tena jana. Keti basi. Magoti yangu hayanipi tena ruhusa ya kupanda daladala kuja kuinama mbele ya kabati lako, lakini ulimi bado ninao, na masikio unayo. Nisikilize mpaka mwisho, ndipo uguse chochote.

La kwanza ndilo kubwa kuliko yote, na ndilo usilopenda kuambiwa: kila unapoufungua mkebe wa filta, unaingiza hewa mpya. Maji yanashuka, sponji inabaki wazi, na vile vijiduara vya kauri, ambavyo kazi yake yote iko katika vitundu visivyoonekana kwa macho, vinajaa hewa. Ukifunga na kuwasha, hewa hiyo itatoka kidogo kidogo. Itatoka usiku, itatoka asubuhi, na pengine kesho yake bado inatoka. Huo si ugonjwa. Lakini wewe huoni kesho yake, kwa sababu baada ya saa moja umeshakata shauri kwamba filta ni mbovu, umeshafungua vibanio, na umeshairudisha ile hewa iliyokuwa inajiondokea yenyewe. Unayatibu maradhi uliyoyaleta kwa mkono wako.

Ukilazimika kufungua, funga kwa adabu. Teka maji ya tangi kwenye ndoo, tumbukiza sponji humo, uikamue ikiwa chini ya maji mpaka isitoe kiputo hata kimoja. Kauri nazo zitikise humo humo. Jaza mkebe maji mpaka karibu na ukingo kabla ya kuufunika. Ukishawasha, uinamishe taratibu upande huu, kisha upande ule. Utasikia mkoromo, na hewa itatoka kwa mkupuo. Fanya hivyo mara chache, kisha ondoka. Nasema ondoka.

Siku mbili zikipita, hakuna aliyeufungua mkebe, na viputo bado vinakuja, hapo ndipo nitakubaliana nawe kwamba hewa inaingia kutoka nje. Sasa kazi yako ni kutafuta inapoingilia. Duka litakuuzia pampu mpya leo hii bila kukuuliza swali, na pampu mpya itanyonya hewa ile ile kupitia ufa ule ule.

Elewa kwanza maji yanavyokwenda. Mkebe umekaa chini ya tangi. Maji yanashuka humo kwa uzito wake, na pampu inayapandisha tena juu. Kila mita moja ya maji huongeza shinikizo la karibu sehemu moja ya kumi ya shinikizo la hewa ya angani. Kwa hiyo huko chini maji yanasukuma kwenda nje, na kiungo kilicholegea huko kitadondosha. Utaona sakafu imelowa. Lakini pale juu, bomba la kunyonyea linapopanda na kuuvuka ukingo wa kioo, liko juu ya usawa wa maji. Hapo shinikizo la ndani ni dogo kuliko la nje. Ufa wa hapo haudondoshi hata tone, unavuta hewa. Mrija wa kunywea dafu ukipasuka karibu na mdomo wako, shati halilowi. Unapata hewa tu, na maji yanakuja kwa shida. Ndiyo maana unapapasa na kitambaa kabati zima, unakuta pakavu, unaniambia hakuna panapovuja. Upande wa kunyonya, ukavu haushuhudii lolote.

Basi anzia mdomoni mwa bomba la kunyonyea, ulifuate. Usianzie kwenye pampu kwa kuwa ndiyo inayopiga kelele. Tazama usawa wa maji. Kwenye joto letu maji ya tangi hupungua bila mtu kuyateka, na kichungio cha mdomoni kikikaribia uso wa maji, hufanya kizingia na kuvuta hewa ya juu. Jazia. Tazama jiwe la hewa umeliweka wapi. Likiwa chini ya bomba la kunyonyea, viputo vyake vinaingia moja kwa moja kwenye filta, nawe unashangaa vimetoka wapi. Lihamishie pembe nyingine. Tazama kama kichungio hakijazibwa na majani au konokono.

Kisha panda kwenye ukingo, penye kiwiko na maungio. Hapo wengi hunishangaza: wanapaka povu la sabuni kama wanavyofanya kwenye mtungi wa gesi. Mwanangu, panaponyonya hewa patanyonya na sabuni, na sabuni itafika kwa samaki. Chukua kitambaa safi, kiloweshe kwa maji ya tangi, kizungushe kwenye kiungo kimoja, usubiri. Viputo vikikoma kitambaa kikiwa pale, umeupata mlango. Visipokoma, hamia kiungo kinachofuata. Mpira ukiwa umekauka na kukakamaa mwishoni, kata kipande kidogo, sawa bila kuupindisha, uchovye ncha katika maji ya moto ilainike, kisha usukumize mpaka ndani kabisa. Na usiuache mpira mrefu ukajikunja nyuma ya kabati. Hewa hujificha kwenye kila mgongo unaopanda.

Oringi, ile raba ya mviringo ya kifuniko, ifikie mwisho. Ifute, na ufute pia mfereji inamokaa, maana punje moja ya mchanga inatosha kuiinua. Ipake grisi ya silikoni kidogo tu. Yale mafuta ya mgando unayojipaka ukitoka kuoga yaache msalani, kwani mafuta ya petroli huvimbisha aina nyingi za raba na kuziharibu. Ikiwa imepasuka au imebapa, usiibembeleze, nunua nyingine.

Halafu kuna jambo la koki. Ukitaka kupunguza kasi ya maji, punguza kwenye bomba la kurudishia. Usibane kamwe upande wa kunyonya. Ukibana huko, pampu inavuta na haipati, shinikizo linashuka, na hewa iliyoyeyuka ndani ya maji inajitenga na kuwa viputo. Raba iliyokuwa nzima jana nayo inaanza kuvuta hewa leo. Sponji iliyosheheni uchafu inabana vile vile, hata kama koki umeiacha wazi. Kwa hiyo viputo vikija pamoja na maji kudhoofika, kabla ya kulaumu ufa, jiulize lini uliisafisha.

Na ukiisafisha, isafishe kwa maji ya tangi. Maji ya bomba yana klorini, na klorini haichagui vijidudu vya kuua. Ndani ya mkebe ule kuna bakteria wanaoigeuza amonia ya samaki kuwa nitriti, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia zaidi. Kwa miaka mingi vitabu viliwapa kazi hiyo ya pili Nitrobacter, mpaka mwaka 1998 mtafiti Timothy Hovanec na wenzake walipoonyesha kwamba katika matangi ya maji baridi wanaoifanya ni jamaa wa Nitrospira. Jina lao lisikusumbue. Jua tu kwamba wanakua polepole, na wewe unayeosha kila kitu kwa pamoja chini ya bomba la jikoni unawafukuza wote kwa siku moja.

Utaniuliza, kama viputo haviui samaki, kwa nini nisivipuuze? Nitakujibu kwa kitu unachokijua: umeme. Filta yenye ufa pale juu huenda vizuri pampu ikiwa inazunguka. Umeme ukikatika, hewa inakusanyika kwenye kiwiko na mtiririko unakatika. Umeme ukirudi saa nane za usiku, wewe umelala, pampu inazunguka bila maji mpaka inaungua. Na umeme ukichelewa saa nyingi, bakteria ndani ya mkebe uliofungwa wanamaliza oksijeni, wanaanza kufa, na maji yale yananuka. Usiyarudishe tangini. Kabla ya kuwasha, yamwage kwenye ndoo.

Samaki wako ni wa Ziwa Tanganyika, na hilo linakuzidishia wajibu. Ziwa lile lina kina kinachofikia mita 1,470, lakini oksijeni iko kwenye tabaka la juu tu, kiasi cha mita mia moja hadi mia mbili. Samaki wako hawakuzaliwa huko gizani. Wametoka kwenye miamba ya ufukweni, panapopigwa na mawimbi na maji kupata hewa mchana na usiku. Lita moja ya maji yenye nyuzi 25 za Selsiasi haishiki hata miligramu 9 za oksijeni. Filta ikidhoofika, akiba hiyo ndogo inapungua, na wao hawana kinywa cha kukupigia simu.

Sasa nisikie vizuri, maana nimechoka na sitapenda kurudia. Badilisha kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukigusa vitano kwa pamoja na viputo vikaisha, hutajua kipi kilikuwa kibovu, na vikirudi mwezi ujao utaanza upya ukiwa mjinga vile vile. Andika ulichogusa na saa uliyokigusa. Toa plagi kabla ya kutia mkono majini, kila mara, hata ukiwa na haraka. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na umeme hauvunji guu tu.

Leo usifungue mkebe. Jazia maji, kesho uhamishe jiwe la hewa, halafu vibanio vya kifuniko visiguswe mpaka keshokutwa jioni. Viputo vikiwa bado vipo, chukua kitambaa chako kibichi uanzie kwenye kiwiko. Hapo ndipo unipigie, na uniambie ulikuta nini kabla ya kuniambia ulinunua nini.