Golikipa Hafungi Goli: Je, Tunadaiwa Nini na Waliotutangulia?

Mwezi uliopita katika mkutano wa jumuiya yetu hapa mashariki ya London palizuka ubishi ambao bado haujatutoka kichwani. Ajenda ilikuwa ndogo: mfuko wa misiba. Mfuko huu ulianzishwa miaka ya tisini na akina mama wanne waliokuwa wakifanya usafi maofisini usiku na kulea watoto mchana. Kila mwisho wa wiki walizunguka mlango kwa mlango na daftari, pauni tano hapa, pauni mbili pale, ili anayefariki huku ughaibuni asikose kurudishwa nyumbani. Sasa vijana wetu wa kamati wanapendekeza tujiunge na bima, na daftari lifungwe.

Hoja yao ina mantiki, na wengi tuliikubali. Kilichotuchoma ni kauli ya kijana mmoja, pale ilipopendekezwa kwamba akina mama wale waulizwe kwanza. Alisema: "Tunawaheshimu, lakini hatukuwatuma. Walifanya kwa hiari yao. Sasa deni liko wapi?"

Tuliguna, tukanywa chai, tukaondoka. Lakini kuguna si jibu. Tangu siku ile tumekuwa tukilipima swali hilo kwa mfano ambao wapenzi wa Arsenal miongoni mwetu wanaufahamu vizuri, mfano wa golikipa Emma Byrne.

Byrne ni mhamiaji kama sisi. Alizaliwa Ireland mwaka 1979, akapitia Denmark, na mwaka 2000 akafika London kudaka katika timu ya wanawake ya Arsenal. Alidumu hapo hadi 2016. Wakati huo soka la wanawake halikuwa na fedha. Mwenzake Alex Scott amesimulia jinsi alivyofanya kazi ya kufua jezi za wanaume wa klabu hiyohiyo. Sisi tuliobeba maboksi tunaijua hali hiyo bila kufafanuliwa. Mwaka 2007 Arsenal ilitwaa kombe la Ulaya kwa kuifunga Umeå ya Sweden, iliyokuwa na Marta wa Brazil. Michezo ilikuwa miwili. Kule Sweden Scott alifunga goli moja dakika za mwisho; kwenye marudiano pale Borehamwood, kaskazini kidogo tu ya London, matokeo yalikuwa sare ya 0–0. Goli moja katika michezo miwili likatosha, kwa kuwa mlangoni alisimama Byrne na hakuruhusu hata moja. Anayekumbukwa zaidi, hata hivyo, ni mfungaji. Ndiyo kazi ya golikipa: akikosea anaonekana na uwanja mzima, akifanya vyema ubao wa matokeo hauandiki kitu.

Basi sikilizeni lililofuata. Aprili 2017, akiwa nahodha wa timu ya taifa ya Ireland, Byrne aliketi na wenzake mbele ya waandishi wa habari jijini Dublin. Walieleza kwamba walikuwa wakivaa traksuti za kushirikiana na timu nyingine, na kwamba walilazimika kubadilisha nguo kwenye vyoo vya viwanja vya ndege ili wazirudishe. Waliokosa kazini kwa ajili ya taifa hawakufidiwa mshahara. Walitishia kutocheza mchezo uliokuwa unakuja dhidi ya Slovakia. Baada ya mazungumzo ya usiku makubaliano yakapatikana, mchezo ukachezwa. Mwaka huohuo Byrne akastaafu timu ya taifa, akiwa amecheza mara 134.

Matunda yakaja baadaye. Agosti 2021 shirikisho la soka la Ireland lilitangaza malipo sawa kwa wanaume na wanawake wa timu za taifa. Oktoba 2022, mjini Glasgow, golikipa mwingine, Courtney Brosnan, alipangua penalti, Ireland ikaifunga Scotland 1–0 na kwenda Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza. Byrne hakuwa tena langoni. Alipanda mti, wengine wakakaa kivulini.

Sasa turudi kwa kijana wetu. Je, Brosnan anadaiwa na Byrne?

Tukisema ndiyo, kama mtu anavyodaiwa pauni mia, tunakwama. Mkopo unahitaji wawili waliokubaliana, na Brosnan hakuomba kitu. Hapo kijana ana haki. Tena deni la namna hiyo ni la hatari, kwa sababu wazee wengine hulitumia kama rungu. Tumewasikia: "Sisi tulilala watano chumba kimoja, na nyie mlale." Huo ni mateso kugeuzwa ada ya kiingilio. Ingekuwa Byrne alifikiri hivyo, angewaacha wadogo zake wabadilishe nguo vyooni kama yeye.

Tukisema hapana, kwamba hiari haidai kitu, tunakwama upande wa pili. Mtu aliyekuletea chakula usiku ukiwa mgonjwa hakukukopesha, lakini ukisema mbele ya watu kwamba ulijipikia, umefanya kosa. Umesema uongo juu ya jinsi ulivyopona. Nasi tunaposema "jumuiya ina mfuko", kana kwamba mfuko ulijiotea kama uyoga, tunasema uongo wa namna hiyohiyo. Kwa hiyo la kwanza tunalodaiwa ni ukweli: kutaja nani alifanya nini, na kwa gharama gani.

Wengine watatuambia kwamba deni la jana hulipwa kwa watoto wa kesho. Tuwatendee wajao kama tulivyotendewa, inatosha. Tunakubali nusu. Nusu ya pili inatutia shaka, maana ni njia rahisi ya kumpita mama aliye hai, anayeishi vituo viwili vya basi kutoka hapa, tukielekea kwa watoto ambao bado hawajazaliwa.

Ndipo sehemu ya mwisho ya habari ya Byrne inapotusaidia. Mwaka 2023 aliingia katika benchi la ufundi la timu ya taifa ya Ireland, timu ileile aliyokuwa ameiongoza mbele ya waandishi. Angeweza kupewa ngao ya shukrani, apigwe picha na arudi nyumbani. Alipewa kazi. Wasichana aliowakuta hawakulazimika kupitia aliyoyapitia, lakini walihitaji anayoyajua. Nani atamwambia golikipa wa miaka ishirini namna ya kusimama tena baada ya kosa lililoonwa na wote, kama si aliyewahi kusimama peke yake langoni? Wahenga walisema usisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha. Sisi tunaongeza: wala merikebu isiwasahau mabaharia wake wakiwa bado wanaujua upepo.

Hilo, kwa maoni yetu, ndilo la pili tunalodaiwa: kutowapoteza wale ambao maarifa yao bado yanahitajika. Heshima ya kiti cha mbele ni rahisi, tunaitoa kila harusi. Kumwuliza mtu na kuwa tayari jibu lake litubadilishe ni kazi ngumu zaidi.

Tulikwenda kumwona mmoja wa akina mama wale wanne, na kijana wetu tulimchukua. Mama hakukasirika kuhusu bima. Alisema hata yeye alichoka na ngazi za ghorofa. Kisha akauliza kama bima hiyo inamchukua mtu asiye na karatasi za ukaazi, kwa kuwa katika daftari lake, alisema, nusu ya maiti wa mwanzo walikuwa hao.

Kijana alifungua makaratasi ya bima pale pale mezani, akasoma mara mbili. Jibu halikuwemo. Ameandika barua kuuliza, na daftari halijafungwa.