Rehema ya Mlangoni

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Methali hii aghalabu twaitumia kumkanya yule anayeuficha ugonjwa wake kwa haya au kwa kiburi. Lakini yuko mfichaji wa namna nyingine, ambaye wahenga hawakumtaja: anayeyaficha maradhi yake kwa kuiogopa bei ya kupona.

Mfichaji huyo nilimjua kwa karatasi. Jirani yangu, mzee niliyesoma naye chuoni tangu udogo, aliniletea hesabu ya hospitali aliyopelekewa na mwanawe aliyeko Ohio, Marekani, akaniomba nimfasirie. Kijana ana maradhi ya sukari. Kazi anayo, na bima anayo. Hata hivyo alikuwa akiipunguza dawa ili imfikishe mwisho wa mwezi, mpaka siku moja akaanguka, akachukuliwa na gari la wagonjwa, akatibiwa, akapona. Karatasi ile ilikuwa gharama ya kupona kwake.

"Ndugu yangu," aliniuliza mzee, "mwenye bima anadaiwa vipi?"

Nilimweleza kuwa bima nyingi za kule humtaka mtu atoe kwanza kiasi fulani mfukoni mwake kila mwaka, ndipo bima nayo ianze kulipa. Mzee alifikiri kidogo, akasema: "Basi huo ni mwavuli unaofunguka mtu akisharowa."

Wamarekani wenyewe wamelijadili jambo hili kwa miaka mingi. Mwaka 1945 Rais Harry Truman aliliomba Bunge bima ya afya ya taifa zima, hakuipata. Mwaka 1965 Lyndon Johnson alitia saini sheria iliyoanzisha Medicare kwa ajili ya wazee na Medicaid kwa ajili ya mafukara. Mwaka 2010 Barack Obama alitia saini sheria iliyowaingiza mamilioni ya watu katika bima. Mwaka 2017 jaribio la kuifuta likaanguka katika Seneti. Mwaka 2025 shughuli za serikali zilisimama kwa siku 43, na kiini cha ugomvi kilikuwa ruzuku za bima hizo. Nchi hiyo ilitumia dola trilioni 4.9 kwa afya mwaka 2023, na mwaka huo huo watu wapatao milioni 26 hawakuwa na bima yoyote.

Tusiwadhulumu wale wanaopinga mkono wa serikali katika jambo hili, kwani hoja wanayo. Wanasema kwamba haki ya mmoja ni mzigo wa mwingine; kwamba tiba haishuki kama mvua, bali hutoka katika jasho la daktari na mali ya mtengeneza dawa; na kwamba anayelazimishwa kumlipia mwenziwe amepunguziwa uhuru wake, hali sadaka ya kulazimishwa si sadaka. Neno uhuru si neno la kuchekwa, na mshairi awe wa mwisho kulicheka.

Lakini nitazame kisa cha mtu mmoja. Mwaka 1961 Ronald Reagan, wakati huo mwigizaji, aliitoa sauti yake katika sahani ya santuri kuwaonya wananchi dhidi ya tiba inayosimamiwa na serikali. Mwaka 1986, akiwa Rais, mtu huyo huyo alitia saini sheria inayozitaka hospitali zinazopokea fedha za Medicare na zenye idara ya dharura zimpime kila anayefika, na zikimkuta hatarini zimtulize hali yake, bila ya kungoja kujua kama ana cha kulipa. Hesabu yaweza kumfuata baadaye. Kufukuzwa mlangoni, la hasha.

Kwa hivyo lile swali kubwa, kama jirani ana haki juu ya jirani yake, kwa hakika lilikwisha kujibiwa. Lililobaki ni swali la saa. Rehema hii huamka usiku, mtu anapokata roho, ikalala asubuhi anapohitaji kichupa cha dawa. Kama uhuru wa mlipaji ni kitu kisichoguswa, mbona umeguswa mlangoni? Na maadamu umeguswa mlangoni, ni kwa hoja gani unakuwa mtakatifu siku moja kabla? Nachelea kuwa rehema ya mlangoni haimtazami mgonjwa. Yatutazama sisi, isije ikatubidi kumwona mtu akifa mbele ya macho yetu. Na tena ni rehema ghali, kwani asiyeziba ufa hujenga ukuta.

Dawa yenyewe ina kisa chake. Mwaka 1923 Frederick Banting na wenziwe wawili waliiuza hataza ya insulini kwa Chuo Kikuu cha Toronto, kila mmoja kwa dola moja. Miaka 99 baadaye ilibidi sheria itungwe Marekani ili wenye Medicare wasitozwe zaidi ya dola 35 kwa mwezi kwa insulini. Mtoto wa jirani yangu bado kijana. Sheria hiyo haikumgusa.

Huenda msomaji akauliza: je, wajibu huu una mwisho? Unao. Hakuna hazina inayoweza kulipia kila kitu kwa kila mtu. Lakini mpaka huo na uwekwe kwa kupima uwezo na haja, usiwekwe kwa kungoja mtu aanguke.

Mzee aliniomba nimwandikie mwanawe jibu. Alinitajia maneno machache tu: "Mwanangu, usiipunguze dawa. Tutachanga." Na watu wa mtaa walichanga, wengi wao wasioweza kuionyesha Ohio kwenye ramani. Hapo niliiona bima ikiwa imevuliwa kanzu yake: ni mchango wa wazima kwa ajili ya mgonjwa, kwa kuwa hakuna ajuaye zamu yake.

Nilitaka kujivunia jambo hilo, nikasita. Nasi mara nyingi huchanga mtu akishalazwa. Kabla ya hapo twampita barazani, twamwona anakonda, twamwuliza hali, anasema ni njema, nasi twaridhika.