Ila Iliyofichika

Je, muuzaji ana wajibu wa kutaja ila ya mali yake, ikiwa mnunuzi hakumwuliza? Wengi hujibu upesi: «Mnunuzi ana macho, na atazame mwenyewe.» Jibu hilo lafaa kupimwa, na biashara ya farasi ni kipimo kizuri, kwa maana mnyama huyo aweza kuficha mengi chini ya ngozi yake nzuri.

Huko Texas, katika Marekani, wafugaji wana farasi wa kutenga ng'ombe. Farasi huyo huingia polepole katika kundi, humtoa ng'ombe mmoja, na kumzuia asirudi kwa wenzake. Mpandaji hulegeza hatamu. Mnyama hufuata kila mgeuko wa ng'ombe kwa akili yake mwenyewe. Kazi hiyo imekuwa pia mashindano: mwaka 1946 wenye farasi hao waliunda chama chao mjini Fort Worth, na kila mshindani hupewa dakika mbili na nusu tu. Farasi hodari huuzwa kwa maelfu mengi ya dola.

Lakini kugeuka ghafula huichosha sana miguu ya nyuma. Tena, farasi aliyepewa dawa ya maumivu aweza kutembea vema mbele ya mgeni, kisha akachechemea siku zifuatazo. Kwa hiyo mnunuzi mwenye busara hutaka kumwona kabla hajatolewa zizini, humpanda zaidi ya siku moja, na humwita mganga wa mifugo asiye rafiki wa muuzaji. Mganga huukunja mguu kwa kitambo, kisha huagiza farasi akimbizwe, aone hatua zake.

Ichukuliwe basi kwamba mfugaji amwuzia jirani yake farasi, akijua kuwa mguu wake huvimba kila baada ya kazi nzito. Jirani hakuuliza wala hakuita mganga, akisema moyoni: «Huyu watoto wake hucheza na wangu, hawezi kunidanganya.» Muuzaji hakutamka uongo hata mmoja. Alinyamaza, akapokea fedha. Je, amekosa?

Mtakatifu Tomaso wa Akwino, aliyeishi katika karne ya 13, alilijibu swali hili katika Summa Theologiae, tena kwa mfano wa farasi. Farasi akiwa chongo, muuzaji halazimiki kutangaza jambo lionekanalo na wote, mradi apunguze bei ipasavyo. Lakini ila ikiwa imefichika, nayo yaweza kuleta hasara au hatari, kama kumwuza farasi mwenye kuchechemea kana kwamba ni mwenye mbio, yampasa kuisema. Akinyamaza, biashara yake ni ya hila, naye hudaiwa fidia.

Sababu yake ni wazi. Mapatano ya haki hutaka watu wawili wajuao wanachopatana. Asiyejua hakukubali kwa kweli. Wala ujirani haupunguzi wajibu huo, bali huuongeza. Mgeni hujihadhari, jirani amekwisha kuweka ngao yake chini. Kumwibia aliyelala si kosa dogo kuliko kumwibia aliye macho.

Huenda mtu akasema: «Nikisema kweli, nitapoteza bei.» Ndiyo, atapoteza sehemu ya bei ambayo haikuwa haki yake. Farasi asiyefaa tena mashindano aweza bado kufaa kazi nyepesi, na kwa kazi hiyo ana bei yake.

Mnunuzi naye ana wajibu wake. Akimkuta mjane anayeuza farasi wa marehemu mumewe bila kujua thamani yake, kisha akamlipa bei ya farasi wa kawaida, amekosa vilevile. Sheria ni moja kwa wote wawili.

Basi, auzaye farasi, mbuzi au baiskeli na ajiulize jambo hili: Kama ningekuwa mimi mnunuzi, ningetaka kuambiwa nini? Hilo ndilo la kusema kabla ya kupokea fedha.